Kila Tiba Iongezwayo Ina Mwenye Kuilipia

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala kitandani hupikiwa, hupozewa na kunyweshwa, wala hakuna amwambiaye kwanza ataje bei ya unga. Lakini jikoni yupo mtu aliyenunua unga huo, yupo aliyeteka maji, na yupo aliyetafuta kuni. Methali haikumtaja mtu huyo, ingawa bila yeye uji usingefika kitandani. Juma hili Baraza la Nyumbani linamtazama mtu huyo wa jikoni, yaani mlipaji wa bima ya afya, pamoja na swali liulizwalo katika nyumba nyingi siku ya mshahara: sheria inapoongeza tiba mpya katika orodha ya bima, mzigo wake humwangukia nani?

KADI TATU CHINI YA PAA MOJA

Na msomaji achukue mfano wa nyumba moja ya Nyamirambo, hapa Kigali. Baba ni koplo wa polisi. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika vyumba vya uani anakaa dada mkubwa wa mama, mjane mwenye cherehani yake Biryogo, pamoja na watoto wake watatu. Chungu chao ni kimoja, lakini kadi zao za matibabu ni za namna tatu. Koplo ana kadi ya MMI, bima ya afya ya wanajeshi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ambayo baadaye iliwapokea polisi pia. Mwalimu yumo katika bima ya watumishi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Bima hiyo sasa iko chini ya RSSB, lakini watu wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, RAMA. Mshonaji na wanawe wamo katika Mutuelle, bima ya wananchi wote.

Jioni moja ya mwisho wa Juni 2025, Koplo alikuwa amekaa sebuleni akiisoma karatasi ya mshahara ya mkewe. Kidole chake kilishuka pole pole juu ya makato, kikasimama mahali pamoja.

"Mama watoto," aliuliza, "hii nusu asilimia ya Mutuelle unakatwa kwa sababu gani, na kadi yako ni ya RAMA? Mtu hulipia chakula asichokula?"

Mwalimu hakujibu. Alimtupia jicho dada yake, aliyekuwa mkekani karibu na mlango akihesabu noti. Mwaka wa Mutuelle huanza tarehe mosi Julai, na kwa kundi walilopangiwa, kila mmoja katika familia yake alitakiwa kuchangia faranga 3,000. Watu wanne walifanya faranga 12,000. Mshonaji alizihesabu mara mbili, akatenga noti chache pembeni.

"Shemeji," alisema, "usihangaike na hiyo nusu yenu. Mimi mwenyewe nataka kupunguza. Huyu mwanangu mkubwa hajalala kitandani tangu azaliwe. Nikimwacha nje mwaka huu, nabaki na elfu tatu za nyuzi."

"Haiwezekani, dada," alijibu Mwalimu upesi. "Mutuelle hupokea familia nzima. Huwezi kuchagua mgonjwa ukamwacha mzima."

"Na kwa nini isiwezekane? Fedha si yangu?"

Maswali haya mawili, la Koplo na la mshonaji, yanafanana na sarafu moja yenye pande mbili. Mmoja anauliza kwa nini amlipie mgonjwa asiyemjua. Mwingine anauliza kwa nini amlipie mtu asiye mgonjwa. Kabla ya kuwajibu, yafaa kukumbuka bima hii ilikotoka.

SAFARI YA MUTUELLE

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, vituo vingi vya afya viliendeshwa kwa misaada, na matibabu yalitolewa bila malipo. Mwaka 1996 malipo yalirudishwa. Watu waliokuwa wamepoteza mali na jamaa hawakuwa na fedha za kulipa mlangoni, na wengi wakaacha kwenda kutibiwa. Ndipo mwaka 1999 serikali ikajaribu njia nyingine katika sehemu tatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya watu hadi saba ililipa faranga 2,500 kwa mwaka, na mgonjwa aliyefika kituoni akatoa faranga 100 tu.

Jaribio hilo lilienezwa nchi nzima, na sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2007 ikafanya bima ya afya kuwa wajibu wa kila mkazi. Mwaka 2003 waliokuwa na kadi ya Mutuelle walikuwa kama asilimia 7 ya wananchi. Kufikia mwaka 2010 walikuwa wamezidi asilimia 90. Mchango wakati huo ulikuwa faranga 1,000 kwa kila mtu, tajiri na maskini sawasawa.

Lakini chungu kile hakikutosha. Hospitali zilidai, na mifuko ya wilaya ilikuwa mitupu. Mwaka 2011 michango ikapangwa upya kwa kufuata uwezo: faranga 2,000 kwa walio maskini zaidi, ambao hulipiwa, 3,000 kwa watu wa kati, na 7,000 kwa wenye nacho. Mpango ulikuwa wa haki, lakini kwa familia nyingi bei ilikuwa imepanda mara tatu. Matokeo yalionekana baada ya miaka michache. Katika mwaka wa 2013/2014 wenye kadi walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 73. Julai 2015 Mutuelle ikakabidhiwa RSSB ili isimamiwe mahali pamoja.

Hapo pana fundisho la kwanza. Sheria ilisema kila mtu ajiunge, na sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni bei, na bei ikawatoa watu nje hata palipokuwa na amri ya kuingia.

HESABU YA CHUNGU

Namna mchango unavyopanda inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasani. Hizi si takwimu za Mutuelle, ni mfano tu wa kuonyesha njia.

Ziwepo familia 100 zilizokubaliana kutibiana. Kila mwaka watu wanne huugua sana, na kila mmoja hutibiwa kwa faranga 50,000. Jumla ni faranga 200,000. Zikigawanywa kwa familia 100, kila familia hutoa 2,000. Kisha wanakijiji wanaamua kuongeza ugonjwa mmoja katika orodha. Ugonjwa huo humpata mtu mmoja tu kwa mwaka, lakini tiba yake ni faranga 300,000. Jumla sasa ni 500,000, na mchango wa kila familia unakuwa 5,000. Hakuna aliyeiba wala aliyefuja. Wameongeza tiba moja, na bei imekuwa zaidi ya maradufu.

Sasa tuseme kujiunga ni kwa hiari. Familia 40 zenye vijana wazima zinasema, sisi hatuugui, faranga 5,000 ni nyingi, tunatoka. Wagonjwa hawatoki, kwa kuwa wao ndio wanaoihitaji kadi. Gharama inabaki 500,000, lakini walipaji wamekuwa 60, na kila mmoja anatakiwa kutoa zaidi ya 8,300. Bei hiyo inawatisha wengine 20, nao wanatoka. Wanabaki 40, na mchango umefika 12,500. Mwisho wake ni kubaki wagonjwa peke yao, wakiambiwa walipe bei ambayo mgonjwa hawezi kuilipa, na chungu kinavunjika.

Jambo hili si la darasani pekee. Nchini Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi, ambayo mzazi aliweza kumnunulia mwanawe kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kujiunga kulikuwa kwa hiari, mtoto mmoja mmoja. Wazazi wengi walisubiri mpaka mtoto augue, ndipo wakakata kadi. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha uandikishaji wa namna hiyo, ukawaelekeza wazazi kuwaandikisha watoto kwa pamoja kupitia shule au katika kadi za familia. Kilio cha wazazi kilikuwa kikubwa, na kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa kilikuwa cha haki. Lakini chanzo chake kilikuwa hesabu ile ile ya familia 100.

Hilo ndilo jibu la mshonaji. Mwanawe mzima anatakiwa ndani kwa sababu yeye ndiye kuni za jikoni. Siku atakayougua, vijana wazima wa nyumba nyingine watakuwa kuni zake.

ORODHA ILIYOREFUKA

Mnamo Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha kuongezwa kwa huduma zinazolipiwa na Mutuelle. Katika orodha hiyo mpya zimo matibabu ya saratani, usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa kufanya kazi, upandikizaji wa figo, ubadilishaji wa viungo vya nyonga na magoti, na viungo vya bandia. Upandikizaji wa figo wenyewe ulianza kufanyika hapa nchini mwaka 2023 katika Hospitali ya King Faisal. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kupelekwa ng'ambo.

Huduma hizo si za bei ya kidonge cha malaria. Mwenye figo zilizokufa husafishwa damu mara mbili au tatu kwa juma, juma baada ya juma, maisha yake yote au mpaka apate figo nyingine. Mtu mmoja wa namna hiyo anaweza kumaliza michango ya majirani zake wengi. Basi ikiwa mshonaji ameendelea kuombwa faranga 3,000 zile zile, fedha ya huduma hizo inatoka wapi?

Hapo ndipo linapoingia lile kato lililomchukiza Koplo. Tangu mwaka 2020, kwa amri ya Waziri Mkuu, waajiriwa hukatwa nusu asilimia ya mshahara unaobaki mkononi, nayo huingia katika Mutuelle. Bima nyingine za afya nazo hutakiwa kuchangia, na hata sehemu ya faini za barabarani huelekezwa huko. Polisi wa trafiki aliyesimama juani akimwandikia faini dereva wa mwendo wa kasi anachangia, bila ya kujua, dawa za mgonjwa wa Rusizi au Nyagatare.

Kwa hiyo mchango wa mshonaji haukupanda kwa sababu gharama imebebwa na mabega mengine. Wala haifai kudhani kwamba mabega hayo hayachoki. Huduma zikiongezwa tena, na wagonjwa wakawa wengi, patakuwa na njia tatu tu: kupandisha michango, kuongeza makato na ruzuku, au kuwalipa hospitali pungufu na kwa kuchelewa. Njia hii ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa haionekani. Mgonjwa huionja siku anapofika na kadi iliyo hai, akaambiwa dawa hakuna, akanunue mjini.

"MWAJIRI ANALIPA NUSU"

Askari na watumishi wengi hufarijika kwa maneno haya. Katika bima ya watumishi, mchango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 7.5 anatoa mtumishi, na 7.5 mwajiri. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa faranga 200,000 hukatwa 15,000, na mwajiri huongeza 15,000 nyingine. Katika MMI, mwanachama hutoa asilimia 5 na serikali asilimia 17.5. Koplo huona ile 5 tu katika karatasi yake, akadhani bima yake ni rahisi. Bei yake kamili ni asilimia 22.5.

Je, sehemu ya mwajiri ni zawadi? Wachumi wamelichunguza sana swali hili. Katikati ya miaka ya 1970, baadhi ya majimbo ya Marekani, yakiwamo New York, New Jersey na Illinois, yaliamuru kwamba bima za wafanyakazi zilipie uzazi sawa na ugonjwa mwingine wowote. Mwaka 1978 sheria ya nchi nzima ikafuata. Mchumi Jonathan Gruber alichapisha uchunguzi wake mwaka 1994, akaonyesha kwamba karibu gharama yote ya amri hiyo ilirudi kwa wafanyakazi wenyewe. Mishahara ya wanawake wa umri wa kuzaa, na ya waume waliokuwa na bima hiyo, haikupanda kama ya wengine. Mwajiri alilipa kwa mkono wa kulia, akapunguza kwa mkono wa kushoto.

Huko Marekani kulionekana jambo jingine pia. Sheria ya mwaka 1974 iliyaondoa makampuni yaliyojiwekea mifuko yao ya matibabu katika amri za majimbo kuhusu bima, na makampuni ya namna hiyo kwa kawaida ni makubwa. Hivyo kila jimbo lilipoongeza tiba ya lazima, mzigo uliwaangukia zaidi wenye biashara ndogo na watu waliojinunulia bima wenyewe. Amri moja iligeuka kuwa mizigo miwili isiyolingana.

Rwanda ilikabili suala la uzazi kwa njia nyingine. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2009, mama aliyejifungua alipata mshahara kamili kwa majuma sita. Akitaka kubaki nyumbani majuma sita mengine, alipewa asilimia 20 tu ya mshahara. Wengi waliacha mtoto mchanga wakarudi kazini. Mwaka 2016 ilitungwa sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi, na mama akapata mshahara wote kwa majuma kumi na mawili, yale sita ya mwisho yakilipwa na mfuko. Gharama yake iliwekwa wazi: asilimia 0.6 ya mshahara wote, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Kwa mshahara wa faranga 200,000, mfanyakazi hukatwa 600.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba wanaume nao hukatwa. Ikiwa gharama ya uzazi ingebebwa na mwajiri wa mama huyo peke yake, kila mwenye kazi angemtazama msichana anayeomba kazi kama hasara inayokuja. Ilipogawanywa kwa wote, msichana na mvulana wakawa na bei moja mlangoni. Amri ni ile ile ya kumlipa mama, lakini namna ya kuigawa gharama ndiyo iliyoamua kama itamsaidia mama au itamfungia mlango.

Majirani nao wamo katika safari hiyo. Kenya iliacha mfuko wake wa zamani, ambao mchango wake wa juu kabisa wa mwajiriwa ulikuwa shilingi 1,700 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 wenye mishahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mapato yote bila kikomo. Mwenye shilingi 100,000 akatoka katika 1,700 akaingia katika 2,750. Huduma zilizoahidiwa zilikuwa nyingi zaidi, na bei ikafuata huduma.

SEHEMU YA MGONJWA

Kadi haimalizi gharama yote. Mwenye Mutuelle hutoa faranga 200 katika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama katika hospitali. Mwenye bima ya watumishi hulipa asilimia 15. Sehemu hiyo, ambayo hapa wengi huiita tike moderateri, iliwekwa ili watu wasikimbilie hospitali kwa kila mafua, na ili chungu kisaidiwe kidogo.

Faranga 200 hazimzuii mtu mwenye homa. Lakini orodha inapoingiza magonjwa makubwa, asilimia 10 hubadilika sura. Tiba ikigharimu faranga 1,000,000, sehemu ya mgonjwa ni 100,000. Hizo ni zaidi ya mara 33 ya mchango wake wa mwaka. Kwa hiyo familia isifurahi tu kusikia kwamba ugonjwa fulani umeingizwa katika orodha. Iulize pia sehemu yake itakuwa kiasi gani, ikaiwekee akiba mapema.

Zipo pia huduma ambazo kuziongeza hakugharimu sana, na pengine huokoa fedha. Chanjo, vipimo vya mjamzito, na kupima shinikizo la damu na sukari ni za namna hiyo. Mtu aliyegunduliwa mapema kuwa na shinikizo la damu hutibiwa kwa vidonge katika kituo cha jirani. Asiyegunduliwa hufika miaka kumi baadaye akiwa na figo mbovu, akitaka mashine. Bima yenye busara huanza orodha yake mlangoni mwa kituo cha afya, ndipo ikafika kwenye chumba cha upasuaji.

BARAZA LINARUDI NYUMBANI

Turudi Nyamirambo. Mwalimu alikuwa amelishikilia jambo moja kwa muda wa majuma mawili, kwa kuwa dada yake alimwapisha asiseme. Jioni ile aliona heri kiapo kivunjike.

"Baba watoto," alisema, "umeuliza nusu asilimia yangu inakwenda wapi. Mwulize shemeji yako akuonyeshe karatasi iliyo ndani ya kikapu cha vitambaa."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Baadaye aliinuka, akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya hospitali. Shinikizo la damu lilikuwa limezidhoofisha figo zake, naye aliagizwa kutumia dawa kila siku na kurudi kupimwa kila mwezi. Daktari alimwambia kwamba akifuata masharti zinaweza kudumu miaka mingi. Asipofuata, atahitaji mashine.

"Sikutaka kuwa mzigo, shemeji," alisema. "Nilipanga nipunguze mchango, nipate nauli ya kwenda kupimwa."

Koplo alikaa kimya. Alifanya hesabu kichwani. Mshahara unaobaki mkononi mwa mkewe ulikuwa faranga 160,000, na nusu asilimia yake ni faranga 800 kwa mwezi. Alikuwa amezikasirikia faranga 800 kana kwamba zimeibwa, kumbe zilikuwa zikizunguka na kurudi katika uani wake mwenyewe. Tena zisingerudi kama walimu na makarani wa nchi nzima wangekuwa na haki ya kuzikataa kama yeye alivyotaka kuzikataa.

"Shemeji," alisema hatimaye, "lete hizo elfu kumi na mbili. Kijana atalipiwa, na wote mtalipiwa leo hii kwa simu. Nauli ya hospitali ni juu yangu. Wewe kazi yako ni vidonge."

"Na chumvi apunguze," Mwalimu aliongeza, "maana chumvi ya dada yangu inajulikana mtaa mzima."

Walicheka, na noti zikahesabiwa mara ya tatu.

Yapo mambo manne ambayo kila familia ya askari, polisi na mtumishi ingefaa kuyaangalia. Kwanza, isome karatasi ya mshahara yote, ikijua kwamba bei ya bima ni sehemu yake pamoja na ya mwajiri. Pili, iwaandikishe watoto mara wanapozaliwa, isingoje homa. Tatu, tiba mpya inapotangazwa, iulize mambo mawili kwa pamoja: nani ameongezewa, na nani ataongeza. Nne, ndugu walio nje ya ajira wasiachwe bila Mutuelle kwa sababu ya faranga elfu chache, kwa kuwa ugonjwa wao utapiga hodi katika nyumba ile ile yenye mshahara.

Kuongeza tiba katika orodha ni jambo jema, na nchi iliyotoka katika majivu ya mwaka 1994 ikafika mahali pa kumwahidi mshonaji figo mpya ina haki ya kujivunia. Lakini ahadi hiyo huishi kwa muda ule tu ambao chungu kinajazwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho hupikiwa uji wa mgonjwa.